Nilivyoikamata shabu ndani ya ndoo ya maji

Mama mwenye nyumba wangu husafisha maji ya mfereji kwa shabu. Anazungusha kipande ndani ya ndoo, tope linashikana mabonge na kuzama, basi. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, na hiyo shabu yenyewe inaenda wapi?" Nafundisha kemia huku miteremkoni mwa Meru, na maneno ya kumjibu nilikuwa nayo. Kumwonyesha ndiko kulinishinda.

Shabu ni chumvi ya alumini, na ioni za alumini hazina rangi. Kabatini mwa maabara kulikuwa na kichupa cha 8-hidroksikwinolini, ambayo watu wa maabara huiita oksini. Ukiimulika kwa mwanga wa urujuanimno, yenyewe haiwaki sana: hidrojeni iliyo kwenye oksijeni yake hurukia naitrojeni ya jirani, na nishati inapotea kama joto. Alumini ikija hubana oksijeni na naitrojeni kwa pamoja, mfano wa koleo. Hidrojeni haina tena nafasi, nishati inatoka kama mwanga wa kijani chenye umanjano. Kampaundi hiyohiyo ndiyo Tang na VanSlyke wa Kodak waliyoitumia mwaka 1987 kwenye kazi iliyozaa vioo vya OLED vya simu zetu.

Taa niliazima kwa wakala wa fedha za simu, ile ya kukagulia noti. Nikayeyusha oksini kidogo kwenye etanoli, nikachovya vipande vya karatasi, nikavianika. Gizani, vyote vikawaka buluu, hata kile ambacho hakijaonja tone. Kumbe karatasi ya kuchapishia hutiwa dawa ya kuifanya ionekane nyeupe zaidi, na dawa hiyo inawaka. Sabuni ya unga nayo inayo. Shati langu lilikuwa linang'aa kama la mzimu. Nikahamia karatasi ya kuchujia.

Maji yaliyokenekwa yalikuwa yameisha, nikakinga ya mvua ili yawe maji yangu safi ya kulinganishia. Yakawaka! Siku mbili nililaumu chupa, mikono, hata oksini yenyewe, mpaka nilipoinua macho nikaona paa: mabati. Bati hupakwa zinki, na oksini inaishika zinki pia ikawaka. Nikavaa glavu, nikadondosha sodiamu floraidi, kwa kuwa floraidi hung'ang'ania alumini na zinki haiijali. Kipande cha shabu kikafifia, cha mvua kikabaki vilevile.

Hapo nikashtuka. Maji mengi ya huku yana floraidi ya asili, kwa hiyo karatasi yangu ingeweza kunidanganya kwa kukaa kimya. Nikatia shabu ya kiasi ninachokijua kwenye maji ya mfereji wetu. Yakawaka. Nikapumua.

Vipimo havikuwa na makuu: gramu 1.76 za shabu katika lita moja hutoa miligramu 100 za alumini, kisha nikawa nazimua. Siki, ya kutia kwenye maji ya kupimwa ili iyeyushe alumini, niliipunguza ukali kwa baking soda hadi pH 5. Magadi sikuyagusa, yana floraidi. Kwa tone moja, jicho langu halikuona kitu chini ya miligramu 5 kwa lita. Kwa matone matano, kila moja likikauka kwanza, niliona hadi 1. Shirika la Afya Duniani linataja 0.1 hadi 0.2 kama kiwango ambacho mitambo ya maji inaweza kukifikia, kwa hiyo asije mtu akaniambia karatasi hii inathibitisha maji ni salama. Inakamata iliyozidi, hapo ndipo mwisho wake.

Jioni nikazima taa ya jikoni kwake. Maji aliyochota saa moja tu baada ya kutia shabu yaliwaka kijani, kwa sababu mabonge madogo yalikuwa bado yanaelea na siki iliyayeyusha. Yaliyolala usiku kucha, kisha yakamiminwa taratibu kupitia kanga iliyokunjwa mara nne, yalibaki giza.

"Kumbe nilikuwa nayanywa hayo mabonge," akasema. Akaitazama karatasi kwa muda. "Na hiyo floraidi inayoharibu meno ya wajukuu wangu, karatasi yako inaiona?"

"Floraidi haiiwashi karatasi, Mama. Inaizima."

"Si ndiyo kuiona huko?"

Kesho yake nikaanza kupima inavyofifia.