Chumba cha mwisho sasa kinashika, na repita iko kabatini

Kwa miaka miwili chumba cha mwisho nyumbani kwetu kilikuwa jangwa. Ukipita mlango wa bafu tu, simu inaiacha Wi-Fi na kuanza kula bando. Na ndicho chumba ninachofanyia kazi. Mikutano yangu yote niliifanyia koridoni, nimekalia kiti cha plastiki, watu wanapita nyuma yangu na taulo mabegani.

Ushauri sikukosa. Miluzi mingi humpoteza mbwa, na mbwa nilikuwa mimi. Wa kwanza akaniambia nipandishe kifurushi, nikapandisha kutoka megabiti 20 kwa sekunde hadi 40. Sebuleni mambo yakawa moto, chumbani hola. Kasi inayoingia kwenye ruta (kile kiboksi kinachorusha Wi-Fi nyumbani) ni jambo moja, mawimbi yanayofika mezani kwangu ni jambo jingine. Hiyo nyongeza nailipa mpaka leo kwa sababu watoto wameshaizoea.

Kisha akaja shemeji. "Shemeji, hilo mbona dogo! Nunua repita, ichomeke humo humo chumbani, umemaliza." Nikanunua hicho kifaa cha kupokea mawimbi ya ruta na kuyarusha tena mbele, na haikuwa ya bei ya kutupa. Nikaichomeka pembeni ya meza. Alama za Wi-Fi kwenye simu zikajaa pomoni! Nikampigia shemeji papo hapo kumshukuru, nikamsifu mpaka akaona haya. Nikakata simu, nikafungua video: kiduara kinazunguka. Nikafungua barua pepe: kinazunguka. Nikazima, nikawasha, nikabadilisha soketi, nikaiwekea kitabu chini ili ikae juu kidogo (usiniulize kwa nini). Kinazunguka tu.

Kosa nililielewa usiku, nimelala. Zile alama zinakuonyesha simu inaisikiaje repita. Hazikuambii repita yenyewe inaisikiaje ruta. Nilikuwa nimemweka mpiga mbiu mahali ambapo yeye mwenyewe hasikii tangazo. Kesho yake nikaihamishia koridoni, nusu ya njia, ikaanza kufanya kazi, ila kasi ilishuka karibu nusu. Aina yangu ina redio moja tu, ile ile ya kupokea na kurusha, kwa hiyo kila kitu inakisema mara mbili.

Hapo ndipo nilipoacha kuuliza watu, nikapakua programu ya kupima nguvu ya mawimbi. Inatoa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo inavyokuwa nzuri. Ikishuka kwa 3, nguvu imepungua nusu. Nikazunguka nyumba nzima na karatasi na kalamu kama mpima viwanja. Mbele ya ruta -42. Mlango wa bafu -70. Mezani kwangu -86, na mkutano wa video unataka walau -67 hivi. Kilichonishangaza ni kwamba namba haikushuka polepole. Ilianguka ghafla pale ukutani mwa bafu, penye zege la nondo, mabomba ya maji, na kioo kikubwa cha kujitazamia. Kioo kina utando wa metali nyuma, kinarudisha mawimbi kama kinavyoirudisha sura yako.

Ukuta siwezi kuubomoa. Lakini ruta nayo niliikuta nimeificha mwenyewe nyuma ya televisheni, ndani ya kabati, karibu na sakafu. Nikaipandisha juu ya rafu. Antena zake nilikuwa nimezielekeza chumbani kama bunduki, kumbe ile fimbo hurusha mawimbi ubavuni, si nchani. Nikazisimamisha wima. Mezani ikawa -77, bila kutoa hata senti. Ruta hurusha kwa masafa mawili: ya GHz 5 hayakufika kabisa, yana kasi lakini ukuta huyashinda mapema. Ni ya GHz 2.4 ndiyo yaliyojikongoja mpaka pale.

Ikabaki kuvuta waya. Ukutani mna bomba la plastiki la simu ya mezani ya zamani, kutoka sebuleni hadi chumbani (la umeme sikuligusa, wala wewe usiliguse). Nikasukuma waya mgumu, ukagoma kwenye kona. Nikasukuma kutoka upande wa pili, ukagoma kona ile ile. Jasho, matusi ya kimoyomoyo, jioni nzima. Ndipo nikafunga kipande cha mfuko wa plastiki, saizi ya ushanga mkubwa, kwenye ncha ya uzi wa kushonea, nikakitia bombani. Upande wa pili mwanangu akashikilia mashine ya kufyonza vumbi mdomoni mwa bomba. Akawasha. Uzi ukaanza kukimbia mikononi mwangu kama umevutwa na samaki! "Baba, umefika!" Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta waya wa mtandao. Vichwa vya waya, vile vya kuchomeka, nilivibana baadaye.

Mwisho wa waya nikaweka ruta ya zamani iliyokuwa ikila vumbi kwenye boksi. Nikaipa anwani 192.168.1.2, nikachomeka waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la mtandao unaotoka nje), nikasahau kuzima DHCP, ile kazi ya kuvigawia vifaa anwani. Ikawa nyumba ina wagawa anwani wawili, na simu iliyopokea kutoka kwa mzee wa boksi ilielekezwa njia isiyotoka nje. Nusu ya nyumba ina mtandao, nusu haina. "Baba watoto, ulikuwa unatengeneza au unaharibu?" Nikazima DHCP, kila mtu akaunganisha upya, kelele zikaisha.

Jina la Wi-Fi na nywila nimeweka sawa kwenye ruta zote mbili, chaneli tofauti: moja 1, nyingine 11. Simu ilikuwa inang'ang'ania ya sebuleni hata nikiwa mezani, nikapunguza nguvu ya ile ya sebuleni, ikaachia. Mezani sasa -41.

Juzi shemeji alikuja, akakaa kwenye kiti changu, akafungua video, ikaenda bila kukwama. Akanigeukia anacheka: "Unaona sasa? Si nilikwambia ni repita tu!"