Nilimutembeza baba mukwe Lubumbashi, akakataa foto na Tshombe

Mwezi wa saba baba mukwe alikuja kutoka Manono kuona wajukuu. Muzee wa myaka 70 na kitu, goti linamuuma, na siku ya pili tu bibi yangu ananiambia: umutembeze papa muji, usimuache akae kwa televizyo siku nzima. Sawa, lakini feza ilikuwa kidogo, mwezi wenyewe unajua vile unakuwaga tarehe 20. Nikafikiri nitafanya kama watu wote wa Lushi, njo Lubumbashi yetu, wanavyofanyaga wakipata mugeni: tunashuka Place de la Poste, sanamu ya Tshombe, ule mukubwa wa Katanga ya zamani, foto, kinywaji, tunarudi.

Kosa njo hilo.

Tulishuka taxi-bus saa tatu ya asubuhi, baridi ile ya Lushi ya kiangazi, muzee na koti lake refu. Nikamuambia: "Baba, musimame hapa chini ya sanamu, nitawapiga foto ya kumutumia mama." Akatazama juu, akaangalia ile sura, akanigeukia pole pole. "Uyu? Mimi nisimame na uyu?" Nikanyamaza. Mukwe hajibishani na baba mukwe. Kumbe mimi kichwa ngumu, nilisahau mutu wa Manono ni nani. Mwaka 1960 wakati Tshombe anatangaza Katanga ni inchi yake peke, tarehe 11 ya mwezi wa saba, watu wa kaskazini hawakukubali, wao walikuwa na Jason Sendwe na chama chake Balubakat, na majandarme, maaskari ya Tshombe, yalienda kule yakachoma vijiji. Muzee alikuwa mutoto wa myaka kumi hivi. Kwetu upande wa mama tuko Walunda, Tshombe ni mutoto wa nyumbani, foto yake ilikuwaga kwa ukuta wa nyumba ya nenekulu. Sasa unaona mambo ya bukwe.

Nikamutoa pale mbio, tukaenda musée kwa muguu, tunapumzika kila mara ju ya goti. Hapo siku ikageuka. Mimi nilikuwa nawaza atachoka dakika kumi, tulikaa karibu masaa mawili. Alisimama mbele ya vile visalaba vya mukuba (shaba), vile watu wanaita croisette, vile viko kwa drapo ya Katanga, na akaanza kunifundisha: kwamba zamani ilikuwa feza, unalipia bibi nayo, unanunua chumvi nayo, kwamba walioyeyusha mukuba waliitwa walaji wa mukuba. Kingine kilikuwa kidogo kama kidole, kingine kikubwa hata mutu anakibeba na mikono mibili. Mimi ninazaliwa hapa, nimepita mbele ya ile musée mara elfu, na niliingia mara moja tu na masomo, tukicheka. Ningekuwa na akili ningeanzia pale.

Karibu na pale kuko ile nyumba kubwa ya théâtre wanaita Bâtiment du 30 Juin, Wabelgiji waliijenga myaka ya 1950, tuliiangalia kutoka nje tu. Kanisa kubwa la Petro na Paulo, matofali mekundu, muzee aliingia akakaa, nafikiri ilikuwa kupumzisha goti zaidi ya kusali lakini sikuuliza. Kiisha michopo, nyama ya kuchoma. Hapa nitoe shauri: kama unatembeza muzee usimulishe kwa restora za centre, bei ni ya wageni, panda taxi-bus ushuke Kamalondo, mbuzi ya moto na bukari kidogo na pilipili, na munkoyo baridi, kile kinywaji cha mahindi. Nilikaa upande, sura nimeigeuza kidogo, kama adabu inavyotaka. Yeye akacheka: "Kula, mukwe, atuko kwa kijiji."

Wakati anatafuna akasema: "Sasa uyu wenu wa Poste nimemuona. Lumumba yeye eko wapi?"

Nikamueleza Shilatembo, kule walimuulia Lumumba, ni mbali, kama kilomita 50 njia ya Likasi, na taxi ya kukodi siwezi. Akainama, akavua kiatu cha kushoto, akatoa feza kwa soksi. Dola, zimekunjwa hata zimekuwa kama karanga.

Tulienda kesho yake na taxi ya kijana wa kwetu pale avenue. Njia ni vumbi na makamiyo ya madini, ufunge kioo. Pale ni pori, miti na vichuguu virefu kushinda mutu, ukimya. Usiku wa tarehe 17 ya mwezi wa kwanza 1961 njo waliwapigia pale risasi. Muzee akavua kofia. Akaniuliza: "Walikuwa wangapi?" Nikajibu haraka, Lumumba. Akasema hapana, watatu: Lumumba, Mpolo, Okito. Akayarudia majina tena, Okito wa mwisho, pole pole, ju eti huyo njo watu wanamusahau na alikuwa mukubwa kwa Sénat. Mimi nilibaki kimya, mimi mwana wa Lushi ninaejua yote.

Hatukukaa sana. Kurudi, chauffeur akaomba ya kungojea, juu ya bei tuliyopatana, na mimi nilikuwa tayari kulipa nimalize. Muzee akaweka mukono wake kwa mfuko wangu, akafunga, akaanza kumusemesha kijana kwa Kiluba, na kumbe kijana ni wa Manono pia, mambo ikawa ya ukoo, ya nani alioa kwa nani, mupaka tunafika Kasapa hakuna aliyeongea feza tena. Bibi yangu akauliza foto iko wapi. Kwa simu iko moja tu, ya Poste, nilibonyeza bila kujua wakati muzee anageuka: koti, mugongo, na viatu vya Tshombe.