Vifaranga 50 sebuleni
Wiki iliyopita nilileta vifaranga 50 wa siku moja hapa Kayole. Mwenye nyumba bado hajui, tafadhalini.

Nyumba yao nimeiunda mwenyewe kwa katoni mbili za friji kutoka Gikomba, nikaziunganisha hadi zikawa duara. Duara, si pembe nne, maana vifaranga wakisikia baridi hujibana kwenye kona, wanapandana, na wa chini anakosa pumzi. Chini nikamwaga maranda ya fundi seremala jirani (bure, ila alinicheka), juu nikatandika magazeti kwa siku za kwanza, wasije wakala maranda wakidhani ni chakula.

Balbu inaning'inia kwa waya. Wiki ya kwanza joto linatakiwa kuwa nyuzi 32 hadi 35, lakini kusema kweli mimi nawasoma wenyewe. Wakirundikana chini ya balbu, wana baridi. Wakikimbilia pembeni midomo wazi, joto limewazidi, balbu imeshuka mno. Wakilala wametapakaa kama nguo zilizoanikwa, hapo sawa.

Juzi saa nane usiku stima ikapotea. Kelele zao ndizo zilizoniamsha. Jiko la makaa sikuthubutu, chumba chenyewe ni kimoja na ile hewa yake ya sumu haina hata harufu. Nikachemsha maji kwa gesi, nikajaza vibuyu viwili, nikavifunga kwa leso ya mke wangu na kuviweka katikati yao. Baada ya dakika kumi, kimya.

Asubuhi nikahesabu: wote 50. Leso ndiyo haivaliki tena, na kesi yake bado inaendelea.