Siku moja maishani mwangu: kuwapima wachezaji kwa mfumo wa mwalimu, hapa Mbeya

Saa 11 alfajiri

Mvua ya usiku bado inadondoka kwenye bati. Sijanawa hata uso, daftari nimeshalifungua. Dirisha dogo la usajili liko wazi, viongozi wa timu wanataka kujua nani aachwe na nani aletwe, na kabla ya kulala mwalimu, yaani kocha, anatakiwa awe na ripoti yangu.

Mimi ni mchambuzi wa video wa timu moja hapa Mbeya, inayocheza ngazi iliyo chini ya Ligi Kuu. Watu wakisikia kazi hii hudhani natoa maksi: huyu fundi, huyu garasa. Hilo la nani fundi majukwaa yote yanalijua, hayanihitaji mimi. Ninachoulizwa ni kingine: mpira anaoutaka mwalimu, wachezaji alionao wanauweza? Mwalimu wetu amefika katikati ya msimu. Anataka timu ikabie juu, yaani iwabane wapinzani karibu na goli lao, mabeki wa pembeni wapande, na mabeki wa kati wasogee hadi karibu na mstari wa katikati ya uwanja. Kikosi alichokikuta kilisajiliwa kwa mpira mwingine kabisa, ule wa kujaa nyuma, kusubiri, kisha kumtafuta straika kwa mipira mirefu.

Saa 12 na nusu asubuhi

Bajaji kutoka Ilomba, kompyuta nimeikumbatia ndani ya mfuko wa nailoni. Ukungu umeufunika mlima Loleza wote. Mzee wa vifaa ameshafika na anapanga koni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Leo utarekodi tope tupu."

Ananishikia ngazi nifunge simu juu ya bomba nyuma ya goli. Wengi hurekodi mazoezi wakiwa pembeni ya uwanja, na pembeni kuna faida yake: unaona mabeki wamepanda kiasi gani. Lakini ukitaka kuona upana, yaani nafasi kati ya mtu na mtu, na nani anamwachia mwenzake shimo mgongoni, kaa nyuma ya goli.

Saa 1 mazoezi yanaanza. Mwalimu anagawa timu mbili, nane kwa nane, na sharti lake ni moja: mkipoteza mpira, urudi ndani ya sekunde sita, la sivyo wote mnarudi nyuma ya mpira. Ni zoezi zuri la kupimia, kwa sababu mtu akichoka hawezi kuigiza. Anayekaba kwa mazoea utamwona, na anayekaba kwa sababu mwalimu anamtazama naye utamwona.

Nawatazama miguu, lakini zaidi natazama pumzi. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Vijana waliokulia Uyole na Tukuyu mapafu yao yameshazoea. Kwa hiyo kukabia juu tukiwa nyumbani si wazo baya hata kidogo. Timu ya kutoka pwani ikibanwa hapa dakika za mwanzo, kipindi cha pili inahema. Tukishuka pwani hesabu inageuka, maana kule joto na jasho ndivyo vinavyotumaliza sisi. Mfumo uleule, watu walewale, lakini gharama ya nyumbani si gharama ya ugenini. Hilo nimeliandika juu kabisa ya ukurasa.

Saa 3 asubuhi

Chai ya rangi na chapati, wachezaji wameketi kwenye benchi la ukuta wamejifunika mataulo. Namba kumi wetu, kiungo anayecheza nyuma ya straika, anakuja kukaa karibu yangu. Huyu ndiye kipenzi cha mashabiki, na ndiye jina la kwanza kwenye orodha ya viongozi ya watu wa kuachwa, kwa maelezo kwamba "hakabi".

"Dada, nasikia ripoti ni leo."

"Ni leo. Nikuulize kitu. Beki wao wa kati akipokea mpira ametazama goli lake, wewe uko hatua tano kutoka kwake. Kwa nini huendi?"

Anakaa kimya kidogo. "Nikienda, namba sita wao, yule kiungo wa chini, anabaki peke yake nyuma yangu. Napigwa pasi moja tu nimetoka. Halafu naambiwa nimezembea."

"Anayetakiwa kumchukua huyo namba sita ni nani?"

"Si viungo wetu. Lakini geuka uwaangalie wako wapi."

Nimeyaandika maneno yake jinsi yalivyo. Mchezaji anayejitetea kwa kutaja mahali, mtu na pasi, huyo anauona mchezo. Sasa ni juu yangu kwenda kuangalia kama ni kweli.

Saa 4 asubuhi hadi saa 7

Hapa ndipo siku yangu ilipo. Chumba kidogo, dirisha limeziba kwa mvuke, mechi zetu za karibuni zimo kwenye kompyuta. Sianzi na namba kumi. Naanza na kazi zenyewe: kwa kila nafasi naandika mwalimu anataka mtu afanye nini tukiwa na mpira, tukiwa hatuna, na zile sekunde chache mpira unapobadilisha mikono. Kisha namtafuta mchezaji ndani ya kazi hiyo. Ukianza na mchezaji utavutiwa na anachokiweza, utasahau anachoombwa.

Nasimamisha video mahali pamoja. Beki wa wapinzani anapokea mpira, mgongo kwetu. Straika wetu anamrukia vizuri, amefunga upande wa kulia kama alivyofundishwa. Namba kumi anapiga hatua moja mbele, anasimama, anageuza shingo kutazama nyuma, ananyoosha mkono. Nasogeza picha kidogo kidogo. Anamnyooshea namba nane wetu, kiungo wa kati, na namba nane yuko mbali. Hajalala, naye amegeuza shingo. Anawatazama mabeki wa kati, ambao wamebaki karibu na boksi letu. Akipanda, kati yake na mabeki patakuwa na uwanja mtupu. Na mabeki je? Nasogeza tena. Beki wetu wa kulia wa kati anatupa jicho kwa kipa, na kipa amesimama kwenye mstari wa goli.

Nimerudia tukio la namna hiyo kwenye mechi nyingine, na nyingine. Sura ni ileile. Kipa haondoki mstarini, kwa hiyo mabeki hawathubutu kupanda. Mabeki hawapandi, kwa hiyo viungo hawasogei. Viungo hawasogei, kwa hiyo namba kumi anasita. Na jukwaani wanamzomea namba kumi. Ni mnyororo, na aliyeonekana mbovu ni pete ya mwisho tu. Nimeinuka, nimezunguka chumba. Mtu angepoteza ajira yake kwa kosa linaloanzia mita sitini nyuma yake.

Kipa wetu wa kwanza ndiye nahodha. Kwenye kudaka hana mpinzani hapa ndani: mikono, mipira ya kona, mmoja kwa mmoja. Ametubeba misimu yote ya kujaa nyuma, na kwa mpira ule alikuwa mtu sahihi kabisa. Lakini mabeki wakipanda, nyuma yao kunabaki nusu uwanja, na nusu uwanja ni zaidi ya mita hamsini. Mtego wa kuotea unasaidia kiasi, ila mshambuliaji anayeanza kukimbia akiwa kwenye nusu yake mwenyewe haotei, sheria ndivyo ilivyo. Lazima awepo wa kutoka na kuusafisha mpira kwa mguu. Nahodha hatoki, na akirudishiwa pasi anabutua bila kutazama.

Kipa wa pili ni kijana mdogo. Kudaka kwake kunanitia wasiwasi, sikufichi. Ila kwenye mazoezi ya leo asubuhi alikuwa anasimama nje kabisa ya boksi, anaongea na mabeki muda wote, na mara zote alipotoka alitoka mapema, mpira ukiwa bado hewani.

Kuna mwingine ambaye simwonei haya kumwandika: beki wetu wa kushoto wa kati. Mzito kugeuka. Hili si la mnyororo. Hata kipa akiwa mzuri, akipigiwa pasi mpenyezo anahitaji hatua tatu ndipo ageuke, na straika ameshaondoka. Mipira ya juu anatawala, kona zote ni zake. Mfundishe mwaka mzima, nyonga hazitabadilika. Kwa mfumo wa kupanda hafai, kwa mfumo wa kukaa nyuma ni mali. Nimeandika hivyohivyo, yote mawili, maana ripoti inayosema "hafai" bila kusema hafai kwa kazi gani inamharibia mtu jina.

Saa 7 mchana

Wali, maharage, kipande cha parachichi. Haraka, nimerudi kazini.

Saa 8 mchana

Mwalimu ameingia na daftari lake. Ni mtu wa makamo, anasikiliza mpaka mwisho kabla hajajibu, na hilo linanisaidia kusema yote. Nimemwonyesha tukio la namba kumi kuanzia mbele kwenda nyuma, pete kwa pete, hadi kwa kipa.

"Kwa hiyo unaniambia nimweke nje nahodha."

"Nakwambia mwalimu kwamba ukitaka mstari wako uwe juu, kazi ya kipa inabadilika. Nahodha kazi hiyo mpya hajawahi kuifanya."

Nilimkumbusha kocha Pep Guardiola alipofika Manchester City mwaka 2016. Joe Hart alikuwa kipa wa timu ya taifa ya Uingereza na bingwa mara mbili na klabu hiyo, akapelekwa kwa mkopo Torino, akaletwa Claudio Bravo kwa sababu ya miguu yake. Bravo naye alipata tabu kwenye kudaka, mwaka uliofuata akanunuliwa Ederson. Klabu ile ilikuwa na hela ya kujaribu kipa mmoja, kisha mwingine. Sisi tuna makipa hawa hawa.

Mwalimu akauliza kama hana njia nyingine zaidi ya kubadilisha watu. Swali hilo ndilo nililokuwa nalisubiri, kwa sababu kupima kikosi ni kumpima mwalimu pia. Tulizungumza mifano miwili. Kocha Antonio Conte na Chelsea: Septemba 2016 wamepigwa 3-0 na Arsenal, akahamia mabeki watatu nyuma, akamchukua Victor Moses, winga aliyekuwa amezungushwa kwa mkopo klabu baada ya klabu, akamfanya beki wa pembeni wa kupanda na kushuka. Wakashinda mechi 13 za ligi mfululizo na kuchukua ubingwa. Conte alitazama waliopo, akatafuta umbo linalowafaa. Kocha Rúben Amorim aliingia Manchester United Novemba 2024 na mfumo wake wa mabeki watatu aliotoka nao klabu ya Sporting ya Ureno, kwenye kikosi kilichojaa mawinga wa kushambulia na uhaba wa watu wa kupanda na kushuka pembeni. Hakugeuza. Msimu ukaisha wakiwa nafasi ya 15.

Sisemi kwamba mwalimu asiwe na msimamo. Msimamo ndio unaojenga timu. Ila katikati ya msimu, bila fedha, msimamo wote kwa mkupuo ni kuwatuma watu vitani na silaha wasizozijua.

Tulichokubaliana kimetuchukua saa nzima ya kuvutana. Nyumbani tukabie juu, kwa vipindi, dakika za mwanzo na baada ya mapumziko. Kanuni ya kubadilisha wachezaji watano inatubeba hapo, maana tunaweza kuingiza mbele damu mpya wakati wapinzani wanahema. Ugenini, hasa pwani, tujipange katikati ya uwanja, na hapo beki wetu mzito ana kazi. Namba kumi asogezwe kushoto kidogo. Kwenye video akija mpira upande ule anaruka bila kusita, kwa sababu mwili wake unakuwa umefunguka na anawaona wote, wa mbele na wa nyuma. La kipa mwalimu hakulijibu. Alifunga daftari, akasema atanipigia.

Saa 11 jioni

Kiongozi mmoja amenipigia kabla sijafika hata Kabwe. Anataka jina la namba kumi mpya. Nimemwambia kwa heshima kwamba namba kumi tunaye, hela kama ipo itafute beki wa kati mwepesi wa kugeuka. Hakufurahi. "Mashabiki watatuelewa kweli?" Nikamkumbusha Mbeya City ya msimu wa 2013/14, ndiyo kwanza wamepanda, chini ya Juma Mwambusi, wakamaliza wa tatu nyuma ya Azam na Yanga. Uwanja wa Sokoine ulikuwa unajaa, na watu wa hapa waliielewa timu ile kwa sababu kila mtu uwanjani alionekana anajua kazi yake. Amesema nimtumie kwa maandishi. Nitamtumia.

Saa 2 usiku

Ripoti imekwenda. Kurasa chache tu, kila mchezaji na kazi yake, kisha mapendekezo: mmoja wa kusajiliwa, namba kumi asiguswe, wengine wabadilishiwe majukumu kwanza ndipo waamuliwe.

Simu ya mwalimu imeingia nikiwa napakua ugali.

"Kijana ataanza langoni mechi ya kirafiki ya Jumamosi. Nahodha nitaongea naye mwenyewe kesho asubuhi, asisikie kwa mtu mwingine. Wewe niwekee kamera ya pili, pembeni, usawa wa mstari wa kati. Nataka kuona mabeki wako wapi sekunde ile namba kumi anaporuka."

Nimempigia mdogo wangu aniazime simu yake ya Jumamosi. Amekubali, kwa sharti kwamba bando naweka mimi.