Daftari la chama lilivyopunguza bili ya hospitali

Mjomba ndiye aliyeniharibia siku ya kwanza. "Nenda na Katiba," aliniambia, "uwasomee kwa sauti." Mama alikuwa amelazwa siku sita kwa nimonia, daktari amekwisha kumruhusu aende nyumbani, na bili ilikuwa karatasi moja yenye mistari minne: kitanda, dawa, maabara, mengineyo. Jumla, laki mbili na ushee. Hayo mengineyo peke yake yalizidi kitanda.

Basi nikachapisha ukurasa wenye ibara ya 43 ya Katiba ya Kenya ya 2010, nikapanga foleni kwenye kaunta ya malipo, na zamu yangu ilipofika nikasoma kama mhubiri: mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Foleni nzima ikanyamaza. Nikajiona wakili. Keshia, msichana wa umri wa kitinda mimba wetu, alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akauliza kwa upole, "Kaka, mama alinyimwa matibabu?"

Nikasema hapana.

"Basi hiyo ibara tumeitii. Unalipa keshi au M-Pesa?"

Mzee mmoja nyuma yangu alicheka hadi akakohoa. Nilirudi wodini Katiba ikiwa imekunjwa mara nne mfukoni.

Binamu yangu naye akaleta lake: Mama avae buibui la mgeni, atoke na watu wanaokuja kuwaona wagonjwa. Mama alimtazama vile anavyomtazama mtu ambaye hajalipa chama miezi mitatu. "Nitoke hapa kama mwizi wa kuku? Hebu nipeni mkoba wangu."

Akatoa daftari. Mama ni mweka hazina wa chama chao tangu nikiwa shule ya msingi. Hanunui hata kiberiti bila kukiandika. Kurasa za nyuma alikuwa amejaza kila kitu tangu alipopata nguvu ya kushika kalamu. Dripu, saa. Sindano, saa, nesi mrefu. Daktari amepita, dakika mbili. Alipolala mchana, mgonjwa wa kitanda cha jirani alimhesabia. Mimi mwanawe, niliyeshinda pale siku zote hizo, nilikuwa sijahesabu hata glavu moja.

Kaunta sikurudi. Niliandika barua, Mama akatia sahihi mwenyewe, kwa sababu kuwa mwanawe hakunipi ruhusa ya kuchungulia faili lake. Tuliomba vitu viwili: mchanganuo wa bili, dawa kwa dawa na siku kwa siku, na nakala ya chati ambayo manesi hutia sahihi kila wakitoa dawa. Bili pekee haikusaidii kitu, iombe na chati. Sheria nilizitaja kwa mstari mmoja tu, nilikuwa nimeshajifunza: ibara ya 35, inayokupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mwingine ukiihitaji kulinda haki yako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwamba mtu ana haki ya kuona taarifa zake. Nakala zilikuwa mbili, na yangu nikahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, barua yako ni ya kufungia mandazi. Chini kabisa nikaandika: nakala kwa KMPDC, baraza linalopokea malalamiko kuhusu madaktari na hospitali. Nadhani mstari huo ndio uliosomwa kwanza.

Mchanganuo ulitoka siku ya pili, kurasa tano. Mama akavaa miwani, tukaanza kulinganisha. Dripu kumi na nne kwenye bili. Daftari linasema tisa, chati tisa. Dawa iliyosimamishwa siku ya pili ilikuwa imetozwa hadi siku ya sita. Mtaalamu wa mazoezi ya kifua, kwa mujibu wa bili, alikuja mara tatu, wakati Mama hajamwona hata kivuli chake, na chati haimjui. Glavu zilitosha kuvalisha chama kizima. Lakini pia alininyang'anya kalamu nilipokata kipimo kimoja cha damu. "Hicho walinipima. Usiwaonee watu."

Kwa mkuu wa uhasibu tulienda wawili, mimi na daftari. Alipunguza bila ubishi mwingi, hadi tulipofika kwenye siku mbili za kitanda zilizoongezwa baada ya Mama kuruhusiwa, eti kwa kuwa tulikuwa hatujalipa. Hapo ndipo nilipomkumbusha uamuzi wa Mahakama Kuu wa 2015, kwamba kuwazuilia akina mama wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya deni kulikiuka haki zao. Deni linabaki deni, nikamwambia, tudaini hata mahakamani, lakini hatulipii kifungo. Alitazama dari kidogo, akazifuta.

Kwenye bili zilitoka elfu sitini na kitu. Nusu ya zilizobaki tulilipa siku hiyo, nyingine tukaandikishana kulipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Anayekwambia ukitaja sheria unatoka bure anakudanganya.

Mama alitoka kwa mguu wake, kibali cha langoni mkononi, na kwenye gari akaandika tarehe na saa. Mjomba, kila tukikutana kwenye sherehe, anasimulia kwamba ni Katiba ndiyo iliyowatisha, ila mimi sikuisoma kwa sauti ya kutosha.