Dakika Mbili Mbele ya Printa

Jumamosi, jioni.

Nimerudi nyumbani na vumbi la kabati mikononi, lakini moyo umetulia kuliko ulivyokuwa wiki nzima. Tangu muhula uanze, walimu wa shule yetu hapa Morogoro wamekuwa wakilalamika kwamba printa ya ofisi ni nzito, yaani inachelewa kutoa karatasi, na kadiri mitihani ya majaribio ya Kidato cha Nne ilivyokaribia, malalamiko hayo yaliiacha mashine yakamwelekea katibu muhtasi, ambaye kompyuta yake ndiyo iliyoungwa na printa hiyo na kuwagawia wengine. Nilimsikia kwa masikio yangu mwalimu mmoja akimwambia mwenzake kwamba mama yule hutanguliza kazi zake na kuziacha za walimu nyuma. Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu mimi ndiye niliyeupanga mtandao ule mwaka juzi, na kama palikuwa na kosa, basi lilikuwa langu kabla ya kuwa lake.

Mtandao wenyewe ni mdogo. Printa ni ya leza, inachapa nyeusi tu, na haina tundu la waya wa mtandao wala waifai. Imeunganishwa kwa waya wa USB na kompyuta ya katibu, nayo kompyuta hiyo inazihudumia kompyuta nne za ofisi ya walimu pamoja na laptopu chache. Ruta, kifaa kinachoziunganisha kompyuta hizo zote, iko ukutani, kwenye korido, katikati ya vyumba hivyo viwili.

Jumatano jioni nilifanya jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo, yaani kupima muda. Nilichukua hati moja ya kurasa tano isiyo na picha, nikaichapa kutoka kwenye kompyuta ya katibu, na karatasi ya kwanza ikatoka baada ya sekunde 12. Nikaenda ofisi ya walimu, nikaichapa hati ileile, nikasubiri dakika moja na sekunde 50. Hata hivyo, mara karatasi ya kwanza ilipotoka, zile nne zilizobaki zilifuatana kwa kasi ileile niliyoiona mwanzo. Printa, kumbe, haikuwa nzito hata kidogo, na fedha tulizotoa mwezi uliopita kwa ajili ya tona mpya na usafishaji hazikugusa tatizo lenyewe.

Nikarudia kupima, safari hii nikiugawa muda huo vipande viwili. Tangu nilipotoa amri ya kuchapa hadi dirisha la kuchagua printa lilipofunguka, zilipita sekunde 45. Tangu nilipobonyeza kitufe cha mwisho hadi karatasi ya kwanza ilipotoka, zilipita nyingine 65. Ndipo nilipotambua kwamba wiki nzima nilikuwa natafuta kosa moja mahali palipokuwa na makosa mawili yasiyohusiana.

La kwanza lilikuwa rahisi, ingawa lilinisikitisha. Katika orodha ya printa ya kila kompyuta ya walimu yalikuwa yamebaki majina mawili ya zamani, yaliyoelekea kwenye kompyuta iliyoharibiwa na radi mwaka jana na ambayo tuliiondoa bila kuziarifu kompyuta nyingine, kama ninavyopenda kusema. Kwenye kompyuta mbili, jina mojawapo kati ya hayo ndilo lililokuwa bado chaguo la kwanza. Programu ya kuandikia huiuliza printa iliyochaguliwa kuhusu ukubwa wa karatasi na pambizo zake kabla ya kuonyesha dirisha, na kwa kuwa mtandao wetu hauna seva ya majina, yaani kompyuta inayojua kila jina liko wapi, kompyuta iliyouliza ililiita jina hilo mtandao mzima, ikangoja, ikaita tena, hadi ilipokata tamaa. Nilipoyafuta majina hayo kwenye kompyuta zote nne, dirisha lilianza kufunguka kwa sekunde tatu.

Zile sekunde 65 ndizo zilizonirudisha shuleni leo, siku ambayo hakuna anayechapa. Nilianza na amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa jibu kurudi. Kutoka kompyuta ya walimu hadi kwenye ruta, majibu yalirudi kwa milisekunde tatu hadi tano, bila kupotea hata moja. Kutoka kompyuta ya katibu hadi kwenye ruta ileile, mengine yalichukua zaidi ya milisekunde 400, na katika majaribio 50, sita hayakurudi kabisa. Nikainama chini ya meza. Kipokezi kidogo cha waifai kilikuwa kimechomekwa nyuma ya kompyuta, na kati yake na korido lilisimama kabati la chuma la mafaili, ambalo lilihamishiwa pale muhula huu wakati chumba kilipopakwa rangi. Muhula huu, yaani wakati uleule malalamiko yalipoanza.

Nilikaa sakafuni kidogo nikilifikiria jambo hilo. Katibu anapochapa kazi yake, kazi hiyo inapita kwenye waya wa USB peke yake, haihitaji mtandao hata kidogo, na ndiyo maana yeye alipata karatasi yake kwa sekunde 12. Mwalimu anapochapa, kazi yake inapita hewani mara mbili: kwanza kutoka kompyuta yake hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kompyuta ya katibu, tena katika masafa yaleyale ambamo kifaa kimoja husubiri kingine kimalize. Hatua ya pili ilikuwa inagonga chuma. Kwa mtu anayesimama pembeni akitazama, ilionekana kabisa kwamba mama yule anajipendelea.

Nilivuta waya wa mtandao wa mita 12 kutoka kwenye ruta, nikaupitisha juu ya fremu ya mlango hadi kwenye kompyuta yake, nikaizima waifai yake. Majibu ya ping yakashuka chini ya milisekunde moja. Hati ya kurasa tano, kutoka ofisi ya walimu, ikatoa karatasi ya kwanza baada ya sekunde 16. Niliirudia mara nne kwa sababu sikuyaamini macho yangu.

Nikiwa palepale niliiondolea kompyuta hiyo agizo la kulala baada ya dakika 30, kwa maana kila katibu alipokwenda kunywa chai ilisinzia, na kazi za ofisi nzima zikasimama hadi arudi. Hapo pia watu walimwona yeye, hawakuiona mashine.

Jambo jingine halikuhusu kasi, lakini lilinitia hofu zaidi ya yote. Nilipoifungua foleni ya kuchapa, nilikuta kazi nyingi ambazo zilikwisha kuchapwa zamani lakini bado zimo, kwa sababu mpangilio wa kuhifadhi hati baada ya kuchapwa ulikuwa umewashwa. Miongoni mwake ilikuwamo mitihani ya muhula uliopita, mizima, tayari kuchapwa upya na yeyote atakayeketi kwenye kiti kile. Niliizima tabia hiyo, nikaifuta foleni yote, kisha nikampigia simu mkuu wa shule na kumweleza bila kuficha chochote.

Imebaki kazi ya mwalimu wa fizikia, ambayo bado ni nzito hata baada ya haya yote. Michoro yake ya saketi anaiskani kwa rangi na kwa nukta 600 kwa inchi, na ukurasa mmoja wa A4 kwa kipimo hicho una nukta karibu milioni 35, ambazo kwa baiti tatu kila moja ni takriban megabaiti 104 kabla ya kubanwa. Printa yetu haina rangi. Akiskani kwa kijivu na kwa nukta 300, mzigo huo utashuka hadi sehemu moja ya kumi na mbili, na mistari ya michoro haitapungua kitu machoni pa mwanafunzi. Nitakaa naye Jumatatu.

Saa tisa hivi katibu mwenyewe alipita kuchukua mwavuli aliousahau jana. Nilimwamkia, nikamwomba asimame karibu na printa, nikaenda ofisi ya walimu kuchapa ukurasa mmoja. Niliporudi alikuwa ameishika karatasi mkononi, bado ina joto.

“Mwalimu, hii umeituma sasa hivi?”

“Sasa hivi, mama.”

Aliitazama tena, akaiweka mezani polepole, akaniomba niwaeleze walimu mimi mwenyewe, kwa kuwa akieleza yeye wataona anajitetea. Nimemwahidi. Jumatatu asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, nitasimama kikaoni na kuwaambia kuhusu kabati, kipokezi, na yale majina mawili ambayo nilipaswa kuyafuta mwaka jana.