Si Utumbo, Ni Tumbo

Droo ya cherehani yangu ina bobini, sindano za akiba na chaki, na miaka ile ilikuwa pia na vidonge vya magineziamu. Nilivitafuna kama karanga. Napiga pindo la gauni, kiungulia kinapanda mpaka kooni, natia mkono drooni bila kutazama. Kuna siku nilitia bobini mdomoni. Kwangu kiungulia hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa kama mlio wa cherehani, ukiuzoea huusikii tena.

Kwa hiyo Februari 2022, daktari aliponiuliza, "Kifua kinakuunguza, mama?" nikamjibu, "Kidogo, nikila pilipili." Akaandika. Ningependa kusema nilijibu vile kwa mazoea, lakini nilijua kwa nini anauliza, na nilijua jibu gani lingeniharibia.

Maana nilikwenda pale nikitaka slivu, ule upasuaji wa kupunguza tumbo ili mtu apungue uzito. Shoga yangu alikuwa ameifanya mwaka mmoja nyuma, India, na mimi ndiye niliyempunguzia nguo. Kila baada ya miezi miwili alikuja na mfuko wa magauni, nampitishia futikamba kiunoni: inchi 49, 44, 40, 37. Wengine walisikia habari, mimi nilishika kwa mikono yangu. Na aliponiambia kwamba jina la upasuaji wenyewe maana yake ni mkono wa nguo, nikaona hii sasa imeandikiwa mimi.

Mtaani kwetu Temeke mambo haya yote yana jina moja: kukata utumbo. Msanii akipungua, kakata utumbo. Jirani akirudi safari mashavu yameingia ndani, kakata utumbo, hata kama ni malaria. Mimi kwa sababu nilikuwa nimeshasoma na kuulizia, nikajifanya mwalimu wa kibaraza kizima. "Si utumbo, ni tumbo. Slivu inapunguza tumbo tu, utumbo hauguswi." Nilisema hivyo kwa wateja, kwa wifi zangu, kwa muuza mkaa. Nilimwambia hata konda mmoja aliyenipangia siti mbili kwenye daladala kisha akanidai nauli ya watu wawili.

Aliyenishinda ni mama. Alinipigia kutoka Tanga, na kwa kawaida yeye hapigi, anabipu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nasikia unataka kukatwa utumbo."

"Si utumbo, mama. Ni tumbo."

"Tumbo, utumbo, si humo humo ndani? Mwanangu, katika nyumba hii kukatwa kumetosha."

Alikuwa anamsema baba. Baba alikatwa mguu wa kulia mwaka 2009 kwa sukari, kwanza chini ya goti, kisha baada ya miezi juu ya goti, na mwaka uliofuata tukamzika. Mama alimuogesha yule mzee kila siku mpaka mwisho. Kwake neno "kukatwa" lina harufu, na mimi nilimletea neno hilo hilo kwenye simu nikimsahihisha herufi.

Na sukari nilikuwa nayo mwenyewe, mwaka wa sita. Metafomini asubuhi na jioni, na kliniki walishaanza kunitajia insulini. Nilikuwa na miaka 43. Wateja walidhani nataka kuvaa gauni la kubana. Sikukanusha, ilikuwa rahisi kuliko kueleza habari za mguu.

Turudi kwa daktari. Alikuwa kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, na ana mwandiko mbaya lakini anachora vizuri. Alinipima: kilo 127, urefu sentimita 161. Akapiga hesabu yake ya uzito kwa urefu, akapata 49. "Kuanzia 40 tunazungumza upasuaji," alisema, "na mwenye sukari hata 35." Akageuza fomu ya maabara upande wa nyuma, akachora matumbo manne kwa mstari, kama mimi ninavyomchorea mteja mishono achague.

La kwanza lilikuwa puto. Hilo si upasuaji, linapitishwa mdomoni likiwa limekunjwa, kisha linajazwa maji ya chumvi humo humo tumboni. Wanayatia maji hayo rangi ya bluu, ili likipasuka mkojo ubadilike kijani na mtu akimbilie hospitali. Hilo lilinifurahisha mno, sijui kwa nini. Nilimuuliza mara mbili. Lakini puto la namna hiyo linakaa kama miezi sita, linatolewa, na uzito una tabia ya kurudi. Kwa kilo zangu niliona ni pini za kushikizia nguo, bado hujashona.

La pili pete. Pete ya silikoni inafungwa juu ya tumbo, na chini ya ngozi wanaweka kijitundu cha kuchomea sindano, wanaongeza maji ikaze au wanayatoa ilegee. "Lastiki ya kiunoni," nikasema. Akacheka. "Na lastiki mwisho wake unaujua." Zikihama, zikichimba, watu wanarudi kuzitoa. Yeye alishaacha kuziweka.

La tatu ndilo langu. Alichora tumbo kama mfuko, akapiga mstari kutoka juu hadi chini, akapaka wino sehemu kubwa: robo tatu, hata asilimia 80, inakatwa na kutolewa kabisa. Kinachobaki ni kibomba chembamba kama ndizi. Ile sehemu inayotolewa ndiyo inayotengeneza sehemu kubwa ya homoni ya njaa, kwa hiyo miezi ya mwanzo mtu hata hamu hana. "Ila kumbuka, ukishakata hakuna kurudishia kitambaa." Nilimwambia hilo nalijua tangu nikiwa na miaka kumi na saba.

La nne, baipasi, alikosea, akafuta, akachora upya. Tumbo linagawanywa juu kabisa, kinabaki kifuko cha kuingia mililita 30, tuseme nusu ya kile kikombe cha muuza kahawa. Kisha utumbo mdogo unakatwa. Ncha ya chini inapandishwa na kuungwa kwenye kifuko. Ncha ya juu, inayobeba nyongo na maji ya tumbo, inaungwa chini zaidi, pembeni. Maungio mawili. Lile tumbo kubwa halitolewi, linabaki mahali pake kama chumba kisicho na mpangaji.

"Sasa hiyo ndiyo kukata utumbo," nikasema.

"Hiyo ndiyo."

"Basi hiyo hapana."

Hakukasirika. Alieleza kwamba zote mbili zinashusha sukari, ila baipasi mara nyingi inashusha zaidi. Na gharama yake ni vidonge vya vitamini na madini maisha yote, kwa sababu chakula kinaruka ile sehemu ya utumbo inayonyonya chuma na kalisiamu. (Leo droo ile ile ya cherehani ina chuma, kalisiamu na B12. Bobini zimehamia kwenye kopo la biskuti.) Ukila kitu kitamu sana jasho linakutoka, moyo unakwenda mbio, unatafuta choo. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu, marufuku, wewe na yeye basi, kwa sababu vidonda vinatokea pale kwenye maungio.

Hapo kwenye diklofenaki nilishusha pumzi. Magoti yangu yalikuwa yanaishi kwa diklo. Bila kidonge cha asubuhi sikanyagi pedali. Nikaona Mungu mwenyewe ameshanichagulia slivu, sababu ninayo, tena ya kitabibu.

Tukakubaliana slivu, kipimo cha kamera kikiwa safi.

Kamera nilimeza wiki iliyofuata. Walinipulizia kooni dawa chungu ya ganzi, ulimi ukawa kama si wangu, wakanilaza ubavu wa kushoto na kunipa plastiki ya kung'ata. Nesi alinishika bega muda wote akisema, "Hema kwa pua, dada, hema kwa pua." Sikumbuki mengine ila machozi na mate.

Daktari alinionyesha picha baadaye. Njia ya chakula, pale chini inapokutana na tumbo, ilikuwa nyekundu, ina michirizi kama mtu aliyekwaruzwa na paka. Na kipande cha juu cha tumbo kilikuwa kimepanda kupita kwenye kiwambo, kinachungulia kifuani. Pia kulikuwa na wale bakteria wa vidonda vya tumbo, dawa siku 14, hilo akalimaliza kwa sentensi moja. Kwenye ile michirizi ndiko alikokaa.

"Mama, ulisema kidogo."

Nikanyamaza.

"Unatumia nini?"

"Magineziamu."

"Vingapi kwa siku?"

"Sihesabu."

Alivua miwani akaifuta kwa koti, na mimi nikaangalia mshono wa koti lake, umefumuka kwapani. Akaeleza taratibu: slivu inageuza tumbo kuwa bomba jembamba lenye msukumo mkubwa, tindikali haina pa kutulia ila kupanda. Asiyekuwa na kiungulia anaweza kukipata. Mwenye nacho hivi, kinaweza kumzidi, na wapo wanaorudi kupasuliwa upya, wageuziwe baipasi. Kwa koo hili, alisema, baipasi ndiyo inayozima moto, maana kile kifuko kidogo hakibaki na tindikali ya maana. Na sukari je? Akaonyesha faili langu kwa kidole, hakusema.

Nina wateja wanaokuja na picha kwenye simu. "Fundi, nataka hii." Namtazama mabega, namtazama kifua, najua kabisa hii haitamkaa, namwambia, hasikii, ameshamuona aliyevaa. Nilitoka kliniki nikiwa mteja wa aina hiyo, na nilikuwa nimenuna kama wao.

Usiku nikampigia shoga yangu.

"Wewe, tangu ufanye ile kitu, kiungulia unacho?"

Kimya. Kisha: "Nalalia mito mitatu."

"Na hukuniambia!"

"Uliniuliza kiuno tu."

Sikuweza kumjibu. Na yeye hajuti, niseme hivyo, mito mitatu kwake ni bei nafuu; hana sukari wala hakumuona mtu akikatwa mguu.

Nilikaa siku tisa bila kutoa jibu. Upande mmoja koo na sukari, upande wa pili magoti. Kila asubuhi nilitoa diklo kwenye karatasi yake nikaiweka juu ya meza ya cherehani na kuitazama. Kama magoti hayatapona hata baada ya kupungua, nitakanyaga pedali kwa nini? Panado? Baba watoto ni fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Alisikiliza vilio vyangu vyote, na kwamba baipasi ina gharama zaidi, na kwamba kiwanja cha Chanika hakitatosha. Akasema, "Mimi nikifungua friji nikaona kompresa imekufa, sibadilishi mpira wa mlango." Akaendelea kula. Kiwanja kiliuzwa, na pikipiki yake ikauzwa pia, hilo sikumuomba.

Kumpigia mama niliahirisha mpaka mwisho.

"Mama, ulisema kweli. Ni utumbo."

Nilisikia anapumua, na kuku wake nyuma.

"Umebadilisha?"

"Nimebadilisha. Kooni pameungua, na sukari imekaa vibaya. Hii ndiyo inashusha sukari zaidi."

"Mguu je?"

"Ndiyo habari ya mguu hiyo, mama."

Akanyamaza muda mrefu, mpaka nikatazama simu kama salio limeisha. "Basi," akasema. "Nakuja." Akaja na basi la usiku, amebeba kikapu cha vitumbua ambavyo hakuna hata mmoja aliyemkumbusha kwamba siruhusiwi, kwa sababu wiki mbili za mwisho nilikuwa kwenye mboga, supu ya maji maji na maziwa yasiyo na mafuta ili ini lisinyae na kuwapa nafasi ya kufanya kazi. Nilivinusa. Wanangu walivimaliza.

Ilikuwa Mei, siku ya Jumanne. Walinisukuma mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, kofia kichwani, baridi ya kiyoyozi inaingia kwenye ile kanzu yao isiyo na mgongo. Mshono wake mbovu, nilitamani kuurudia. Nesi alikuwa na ubao wenye fomu. Kabla ya dawa ya usingizi lazima mgonjwa ajitaje kwa mdomo wake.

"Jina lako kamili?"

Nikataja.

"Umezaliwa lini?"

Nikataja.

"Leo unafanyiwa nini, mama?"

"Nakatwa utumbo."

Kalamu ikasimama. Alinitazama kwa huruma, kama mimi nilivyokuwa nikimtazama muuza mkaa. "Hapana, mama, hilo ni neno la mtaani. Haukatwi utumbo, linalopunguzwa ni tu—"

"Dada," daktari akaita kutoka kwenye sinki, mikono juu inachuruzika maji, "huyo mwache. Yuko sahihi."